Richard Hindorf: Miche 62 ya mkonge, na mabaki yanayotafutwa leo kwa ajili ya betri

Mtu wa Chanika anayekwenda Korogwe hahitaji kuelezwa mkonge ni nini. Anauona umepangwa mistari shambani, na nyumbani anao kwenye kamba ya kufungia mbuzi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mmea huu si wa asili ya kwetu. Haujafikisha hata miaka 150 katika ardhi ya Tanga, na kuja kwake kunahusishwa na jina la mtu mmoja: Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1863 na kufariki mwaka 1954.

Tunamzungumzia leo kwa sababu Hindorf aliuleta mkonge kwa ajili ya kitu kimoja tu: nyuzi. Majani ya mkonge yenye uzito wa kilo 100 yakipita kwenye korona, yaani ile mashine ya kuparua majani, singa kavu zinazopatikana ni kama kilo 4. Kinachobaki ni maji, nyama ya jani na nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja sehemu kubwa ya mabaki hayo imetupwa, mara nyingi bondeni na mitoni, na anayeishi karibu na kiwanda anaijua harufu yake.

Sasa katika maabara za nchi mbalimbali mabaki ya mimea yanachomwa kuwa mkaa maalumu, wa kuwekwa ndani ya betri na ndani ya vifaa vinavyotengeneza umeme kwa haidrojeni. Mkonge umo katika mimea inayojaribiwa. Ili kuelewa kwa nini Korogwe inahusika, turudi kwanza kwa Hindorf.

Kampuni iliyotafuta zao

Hindorf alifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiwa mtaalamu wa mimea na mashamba wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Pwani ilikuwa bado na majeraha. Vita vya mwaka 1888 na 1889, vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, vilikuwa vimezimwa kwa bunduki. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kampuni ilikuwa na ardhi, lakini haikuwa na zao la kuilipa.

Ilikuwa imejaribu tumbaku huko Lewa. Ilikuwa na pamba Kikogwe, karibu na Pangani. Kahawa ilipandwa katika milima ya Usambara, ikaonekana kupendeza miaka ya mwanzo, kisha ikadhoofika. Ardhi ya chini, ile kavu inayoanzia pwani na kupanda bonde la mto Pangani kuelekea Korogwe, ilihitaji mmea usiolia njaa mvua ikichelewa.

Hapo ndipo Hindorf alipokutana na mkonge, kwa kusoma. Jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, lilikuwa limeandika habari za mmea wa Meksiko unaotoa nyuzi ngumu za kamba. Katika rasi ya Yucatán watu wa asili walikuwa wakiutumia tangu zamani, na bandari ndogo ya huko iitwayo Sisal ndiyo iliyoupa jina la biashara. Hindorf aliona kwamba hali ya hewa iliyoelezwa inafanana na ya Tanga. Huo ndio uamuzi wake mkubwa maishani, na aliufanya akiwa na umri wa chini ya miaka 30.

Kupata miche ilikuwa kazi. Inasimuliwa kwamba Meksiko haikutaka mmea wake utoke. Hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi maarufu ya Tanga kwamba miche ililetwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi ni tamu, na ninaipenda, lakini njia yenyewe ilikuwa ya kawaida: oda ya dukani. Miche 1,000 ilinunuliwa Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Florida ilikuwa na mkonge kwa sababu daktari mmoja Mmarekani, Henry Perrine, aliupeleka huko kutoka Yucatán miongo kadhaa kabla. Perrine mwenyewe aliuawa mwaka 1840 katika vita vya Waseminole, akaacha mimea yake iendelee kuota yenyewe visiwani.

Safari ya baharini ilikuwa ndefu. Miche ikaoza, ikakauka. Mwaka 1893, mzigo ulipofika Tanga, iliyokuwa hai ilikuwa 62. Ilipelekwa Kikogwe ikapandwa.

Kutoka 62 hadi bonde zima

Mkonge una tabia iliyomwokoa Hindorf. Mmea ukikomaa hutoa mlingoti mrefu wa maua, na juu ya mlingoti huo huchipua mamia ya vikonyo ambavyo kila kimoja ni mche mpya. Pembeni mwa shina nako huchomoza maotea. Kwa hiyo miche 62 haikuhitaji kuongezewa na meli nyingine. Kufikia mwaka 1898 ilikuwa imefika kama 63,000.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na mashamba yakaifuata kama kunguru wafuatavyo jembe. Mwaka 1913 koloni lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa. Mkonge ulikuwa umekuwa zao la kwanza kwa mapato.

Hapa lazima tuseme kitu ambacho vitabu vya kumsifu Hindorf hukipita upesi. Miche 62 haikujipanda. Kila jani la mkonge lina mwiba nchani, hukatwa kwa mkono, hufungwa matita na kubebwa hadi kwenye reli ndogo ya shamba. Wenyeji wa Tanga, wenye mashamba yao ya mahindi na muhogo, wengi hawakuitaka kazi hiyo kwa ujira uliotolewa. Ukaja mfumo wa kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, na siku isiyokamilika haikuhesabiwa. Wafanyakazi wakatafutwa mbali, na wakati wa Waingereza wakaletwa kwa maelfu kutoka Kigoma, kusini mwa nchi, Msumbiji na Rwanda-Urundi. Wazee wa Korogwe bado hutaja neno manamba, watu waliojulikana kwa namba zao, na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua iliyoanzishwa miaka ya 1940. Makabila mengi yaliyopo Korogwe leo yalifika kwa njia hiyo. Huo nao ni urithi wa miche ile.

Hindorf hakuwa na shamba hilo mkononi hadi mwisho. Vita Kuu ya Kwanza viliwanyang'anya Wajerumani koloni, na mashamba yao yakauzwa na Waingereza kwa watu wengine: Wagiriki, Waasia, Waswisi na Waingereza wenyewe. Mwaka 1925 alichapisha Berlin kitabu kuhusu kilimo cha mkonge katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kufikia wakati huo alikuwa akiandika habari za nchi iliyokwisha kutoka mikononi mwa serikali yake.

Aliishi muda mrefu wa kutosha kuona zao lake likiitwa dhahabu ya kijani. Alifariki mwaka 1954, akiwa na takriban miaka 90, mwaka uleule TANU ilipoanzishwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza dunia. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000. Hayo wasikilizaji wetu wa Korogwe wanayajua kwa macho yao kuliko tunavyoweza kuyaandika.

Mkonge uliozaliwa Amani

Kuna tawi la hadithi hii ambalo Hindorf hakulipanga, nalo ndilo linalotufikisha kwenye betri.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Hapo palikutwa aina ya mkonge wenye majani ya rangi ya samawati, ambao wanasayansi waliupa jina la kitaalamu la Agave amaniensis, yaani mkonge wa Amani. Watafiti wa wakati wa Waingereza waliupandisha na aina nyingine, na kazi ikaendelezwa katika kituo cha Mlingano, Muheza. Matokeo yake ni chotara maarufu kwa namba: 11648. Mkonge wa Hindorf hutoa majani kama 250 katika maisha yake. Chotara hutoa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Katika miaka ya 1960 chotara huyo alipelekwa China. Leo ndiye mkonge mkuu wa nchi hiyo, na mashamba yake makubwa yako katika mkoa wa Guangxi, kusini. Na ni katika mkoa huohuo, mji wa Guilin, ambako watafiti wa chuo kikuu walichukua nyuzi za mkonge, wakazichoma bila hewa, na kuzifanya mkaa wa kujaribiwa ndani ya betri za lithiamu, aina ya betri iliyomo kwenye simu unayosomea makala haya.

Kwa nini mtu achome singa nzuri? Tueleze polepole.

Mkaa unafanya nini ndani ya betri

Chukua betri ya kawaida ya redio. Waliowahi kuchezea betri kuukuu utotoni wanakijua kile kijiti cheusi cha katikati, ambacho watoto hukitumia kuandikia ukutani. (Usimwachie mtoto kuzipasua, uchafu wake si wa kuchezea.) Kijiti hicho ni kaboni, ndugu wa mkaa wa jikoni. Kimewekwa pale kwa sababu kinapitisha umeme na hakiliwi haraka na kemikali zilizokizunguka. Kwenye betri ya simu nako kuna kaboni, upande wa hasi: unapochaji, chembe za lithiamu zinaingia katikati ya matabaka yake na kukaa, na unapopiga simu zinatoka.

Kuna kazi ya tatu, ngumu zaidi. Zipo betri zinazotumia zinki na hewa, na vipo vifaa vinavyokutanisha haidrojeni na oksijeni vikatoa umeme na maji. Vifaa hivi vya haidrojeni wengine huviita seli za mafuta, jina linalochanganya kidogo kwa sababu hakuna dizeli wala petroli inayochomwa mle. Katika aina zote mbili, tatizo ni oksijeni. Chembe zake zimeshikana kwa nguvu, na zisipoachana umeme unatoka kidogo sana. Inahitajika kitu cha kuharakisha, kiitwacho kichocheo.

Kichocheo ni kama dalali mnadani. Muuzaji na mnunuzi wangeweza kuafikiana wenyewe, lakini wangekesha. Dalali anawakutanisha, biashara inaisha, naye anabaki vilevile, tayari kwa wengine. Tofauti ni kwamba huyu hadai chake. Dalali bora wa oksijeni anayejulikana ni platinamu, madini ya bei kubwa yanayochimbwa zaidi Afrika Kusini. Bei ya platinamu ni moja ya sababu zinazofanya magari na mitambo ya haidrojeni iwe ghali.

Watafiti wamegundua kwamba kaboni yenye vitundu vingi vidogo, ikichanganyika na naitrojeni kidogo, na mara nyingine chuma kidogo, inaweza kuifanya kazi hiyo kwa kiwango kizuri, hasa katika maji ya magadi makali. Mimea ina vitu hivyo tayari. Ina kaboni nyingi, ina mirija iliyopitisha maji ilipokuwa hai, na majani yake yana naitrojeni. Singa ya mkonge ukiitazama kwa hadubini ni tita la mirija midogo. Ukiichoma vizuri, mirija inabaki kama njia za kupitia.

Kuichoma vizuri maana yake si tanuru la Handeni. Mmea hukaushwa, huwekwa ndani ya chombo kilichofungwa kisichoingiza oksijeni, na kupashwa moto wa nyuzi joto kati ya 700 na 900 au zaidi. Kisha huongezwa mvuke au kemikali kama potashi kali ili kutoboa vitundu zaidi, na mwisho huoshwa kwa asidi kuondoa majivu. Mkaa unaotoka hapo, gramu moja tu, unaweza kuwa na eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 1,000. Kwa hesabu hiyo, mkaa wa kujaza kijiko kikubwa unazidi uwanja wa mpira kwa ukubwa, ukiufungua wote.

Msikilizaji wa Handeni atauliza: basi tani zetu za mkaa wa mti zinafaa? Hapana. Moto wa tanuru la udongo haulingani pande zote, na mkaa wake una majivu na vitundu vichache. Halafu itakuwa ni kichekesho kukata miti ya miombo iliyobaki ili kutengeneza betri za kuokoa mazingira. Maana ya utafiti huu ni kutumia kinachotupwa.

Mabaki yapi, na kwa nani

Wazo la kutumia mabaki ya mkonge limekwisha jaribiwa Korogwe kwa njia nyingine. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii, kampuni ya Katani, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa likiwemo UNIDO, ilijenga mtambo katika shamba la Hale wa kuvundisha mabaki ya korona, kupata gesi na kuzalisha umeme. Ulielezwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani kwa mkonge. Ulithibitisha kwamba kinachonuka bondeni kina nguvu ndani yake.

Kwa mkaa wa betri mambo ni tofauti kidogo, na hapa wengi wanaosifu teknolojia hii hawasemi wazi. Mabaki ya korona ni maji zaidi ya robo tatu. Kuyakausha ili uyachome kunakula moto mwingi, kwa hiyo kwa maoni yangu yaachwe yaende kwenye gesi na mbolea. Kinachofaa kuchomwa ni kile kikavu: nyuzi fupi zinazobaki kwenye brashi na kwenye viwanda vya kamba, milingoti ya mkonge uliokwisha kuzaa, na visiki vinavyong'olewa shamba linapopandwa upya baada ya miaka kumi na kitu. Ureno, watafiti wa Lisbon walitumia mabaki makavu ya namna hiyo, yaliyotoka kwenye kamba, kutengeneza mkaa unaonasa masalia ya dawa za binadamu katika maji machafu. Kusafisha maji ni soko la karibu zaidi kuliko betri, na hata vifuu vya nazi vilianzia huko. Leo mkaa wa vifuu umo ndani ya vifaa vya kuhifadhi umeme vinavyouzwa dukani.

Mkaa wa mkonge bado uko zaidi maabara. Kati ya kipande kidogo kinachopimwa mezani na kiwanda kinachonunua tani kuna maswali mengi: je, mkaa wa msimu huu utalingana na wa msimu ujao, kichocheo kitadumu saa ngapi kabla ya kuchoka, kemikali za kuoshea zitamwagwa wapi. Hakuna mtu mwenye sababu ya kuja Magunga au Mwelya kesho na mizani ya kununua visiki, na akija mtu wa kuchangisha pesa kwa ahadi hiyo, muulizeni maswali hayo matatu.

Lakini kuna swali la nne, ambalo wakulima wadogo wanaweza kuanza kuliuliza sasa. Hindorf alipopanda Kikogwe, mwenye jani alikuwa ni kampuni peke yake. Leo Korogwe kuna wakulima wadogo wenye vipande vyao ndani ya mashamba ya zamani, waliojiunga katika vyama vya ushirika, na wanapeleka majani kwenye korona ambazo si zao. Wanalipwa kwa singa. Mabaki, tangu zamani, hayakuwa na bei, kwa hiyo nani mwenye mabaki halikuwa jambo la kugombania. Siku yakipata bei, iwe ya gesi, ya mkaa wa kusafishia maji au ya kichocheo cha betri, jibu litategemea kilichoandikwa kwenye mkataba wa kusindika. Mkulima anayesaini mkataba mpya mwaka huu anaweza kuomba mstari mmoja uongezwe: majani yakishaparuliwa, kilichobaki ni cha nani.

Kituo cha Mlingano kinaendelea na utafiti wa mkonge hadi leo, sasa kikiwa chini ya TARI, na ndiko miche ya chotara inakozalishwa kwa ajili ya wakulima. Mkulima anayepanda sasa atakata majani ya kwanza baada ya kama miaka mitatu. Kisiki chake atakuja kuking'oa baadaye sana.